Maswali Manne ya Kagusa

Watu wa Ndosho, mtaa wetu hapa Goma, wana midomo, hilo tulijue mapema. Walisema Apolline amemuuza mdogo wake. Walianza kwa kunong'ona kwenye foleni ya maji, halafu wakazoea, wakawa wanasema hata yeye mwenyewe akiwa amesimama pale pale na bidoni yake ya manjano mkononi. Uongo mtupu! Apolline hakupokea hata faranga moja. Ila ukimkuta peke yake atakuambia afadhali angemuuza, kwani muuzaji hujua anachofanya. Yeye alimtoa mtoto kwa mikono miwili, tena akicheka, tena akamfungia jibini ya kula njiani.

Haya, tuseme yalivyokuwa, maana wenye midomo hawasemi.

Apolline ni mshonaji. Cherehani yake iko chini ya kibanda cha mabati kando ya barabara, na ukipita Ndosho ukasikia mwanamke anagombana na zipu, ndiye huyo. Jeancy ni mdogo wake wa tumbo moja. Walipokimbia mlima wa Kagusa, kule Masisi, Jeancy alikuwa na miaka sita na Apolline kumi na minane. Baba alibaki kule na hakuna aliyerudi kumzika. Mama alifika nao hadi kambini, akafa kwa kuhara kabla mvua hazijaisha. Tangu hapo Apolline akawa dada, mama na baba, na mtoto akawa anamwita Yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu. Walikuja wachumba wawili. Wote wawili walitaka mtoto apelekwe kwa watu wengine kwanza, na wote wawili Apolline aliwaonyesha mlango.

Jeancy alikua mpole kupita kiasi. Darasani mwalimu aliweza kumaliza mwezi mzima hajalitaja jina lake. Lakini mpe simu uone! Kulikuwa na mchezo ambao vijana wote wa Goma waliucheza, unaitwa Ngome. Wachezaji wanne wanalinda ukuta wao, wengine wanne wanauvunja, na kila mmoja yuko mahali pake duniani, mmoja Lubumbashi, mmoja Dakar, wanasemezana masikioni kama watu waliokaa chumba kimoja. Humo ndani Jeancy alikuwa kapteni. Yule yule aliyeogopa kumwomba jirani chumvi alikuwa anawaamrisha watu wazima: wewe panda, wewe subiri, nyuma yako, nyuma yako!

Mwanzoni Apolline aliuchukia mchezo huo kufa. "Unapiga kelele peke yako, batu watasema niko na kichaa ndani ya nyumba." Halafu siku moja Jeancy akamwalika kwenye mashindano, ukumbi mmoja kule Himbi, na Apolline akaenda amenuna, amevaa liputa, kitenge chake cha kanisani. Aliona watoto mia mbili wamesimama juu ya viti wanaliita jina la mdogo wake. Alirudi nyumbani hana sauti, kwa sababu na yeye alipanda kiti.

Tusiwe wanafiki. Mchezo ule ulimpa mtoto mambo ambayo shule haikumpa. Kifaransa chake kilinyooka kwa kusema na wale wa Dakar. Rafiki wa Lubumbashi, ambaye hawajawahi kuonana, alimfundisha kutengeneza video, na kabla ya mwaka kwisha Jeancy akawa anatengeneza mialiko ya arusi ya kutumwa kwenye simu, na watu wanamlipa. Hata vita vilipoingia mjini, benki zikafungwa, na kila nyumba ikawa inahesabu unga, vijana wale waliulizana kila asubuhi nani yuko hai. Ndiyo maana Apolline aliacha kugomba.

Kulikuwa na jambo lingine lililomfurahisha, na hili ndilo linalomchoma hadi leo. Jeancy alianza kuuliza habari za kwao. Alikuja jikoni, akakaa juu ya kigoda, akauliza, "Yaya, shamba letu Kagusa lilipakana na nani?" Kesho yake, "Chapelle walijenga juu ya shamba la nani?" Siku nyingine, "Babu alikuwa mutu wa namna gani?"

"Leo unauliza nini mambo hayo?" Apolline alimwambia.

"Nataka kujua tu. Mimi nilitoka kule mgongoni kwako, sikumbuki kitu."

Apolline alifurahi mpaka akaunguza sombe, majani yake ya muhogo yakashika chini ya sufuria. Miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba mlima huo peke yake kichwani, hana wa kumsimulia. Akamwaga yote. Akamsimulia babu Sibomana na kofia yake ya manyoya, nyanya Nyirarukundo aliyeimba kuliko padri, njia ya kupandia upande wa mto ambako mawe yanateleza. Akamsimulia hata Bihogo, ng'ombe wa mahari ya mama yao, mwenye pembe moja iliyovunjika, aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa mama. Jeancy alisikiliza kila neno. Apolline alilala amefurahi siku zile, akisema moyoni mwake, sasa hata nikifa leo mlima hautapotea.

Miezi minne ikapita, mgeni akaja.

Alikuja Jumamosi saa tisa mchana, Jeancy akiwa Himbi na timu yake. Mwanaume wa miaka arobaini hivi, viatu safi, na kusafisha viatu katika vumbi letu la volkano si mchezo. Akajitambulisha kwa jina la Télesphore. Akasema anatafuta vijana wenye kipaji cha Ngome kwa ajili ya timu kubwa ng'ambo ya mpaka, wanakaa nyumba moja, asubuhi wanasoma informatique, mambo ya kompyuta, mchana wanacheza, na mwisho wa mwezi wanalipwa. Akatoa mkataba wenye mihuri mitatu. Na akasema, kama mtu anayesema jambo dogo tu, kwamba Jeancy amemvutia zaidi kwa sababu na yeye wazee wake ni wa Kagusa.

Hapo Apolline alisukuma karatasi pembeni. Mihuri ni kitu gani? Goma muhuri unachongwa kwenye meza ya barabarani, unausubiri ukiwa umesimama. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, nayo inanunuliwa. Watu wa Kagusa wana desturi yao wenyewe, wameishika tangu watawanyike. Mtu akija akasema ni wa kwetu, humwombi kadi. Unamkalisha, unampa chai ya maziwa, unamuuliza mlima. Maswali ni manne: unapanda kwa njia gani, mashamba yamepakana vipi, chapelle, lile kanisa dogo, iko juu ya ardhi ya nani, na ng'ombe wa mahari ya nyumba aliitwaje. Akishindwa moja, anamaliza chai na anaenda zake salama. Akijibu yote manne, ni ndugu, na hata kama alikuwa anatafutwa na serikali utampa kitanda. Kwa desturi hiyo watu waliojuana tu kwa majina ya babu zao wamepokeana kambini, wamezikana, wamelea yatima wa wenzao. Haikuwahi kumdanganya mtu.

Apolline akauliza. Mgeni akajibu taratibu, anapuliza chai yake. Njia ya mto, ile yenye mawe ya kuteleza. Shamba limepakana na la Célestin fundi mbao. Chapelle ilijengwa juu ya shamba la babu Sibomana mwenyewe, aliyelitoa akiwa na kofia yake ya manyoya kichwani.

"Na ng'ombe wa mahari ya mama yangu?"

"Bihogo," mgeni akasema. "Si ndiye alivunjika pembe? Babu yangu alikuwa kati ya waliomswaga siku ya mahari."

Apolline alilia mbele ya mgeni, na Apolline si mtu wa kulia. Tangu kambini hakuwahi kulisikia jina lile kinywani mwa mtu mwingine. Alimpikia sambaza, samaki wadogo wa ziwani waliokuwa wa chakula cha jioni, akampa wote.

Jeancy aliporudi alipewa habari nzima mlangoni, hajavua hata viatu. Cha ajabu hakuruka kwa furaha. Alikaa, akaushika mkataba, akausoma mara mbili.

"Yaya, tungoje kwanza. Niulize batu ba timu. Kuko Mwamba, anajua mambo ya timu za ng'ambo."

"Mwamba ni nani?"

"Rafiki wa mchezo. Tunacheza naye karibu mwaka."

"Wa mchezo!" Apolline akagonganisha viganja. "Umeshaona hata sura yake? Na huyu amekunywa chai hapa, amejibu mlima wote! Mutu wa kwetu anakuja kukushika mkono, na weye unamwekea mashaka? Hapa utafanya nini, utangoja bomu?"

Jeancy akaukunja mkataba, akauweka mezani. Kama angegomba, kama angesema neno moja zaidi! Lakini alimheshimu mno. Kesho yake akaja amechangamka kidogo, akasema Mwamba naye amemwambia aende, bahati haigongi mlango mara mbili. "Unaona?" Apolline akasema. "Hata huyo wako wa mchezo ameona."

Jumanne asubuhi walichukua moto, pikipiki ya abiria, hadi petite barrière, kivuko cha mpakani. Wanawake wa mabeseni walikuwa wanavuka kwa mamia, na mgeni alikuwa amesimama upande wa pili wa foleni na viatu vyake safi. Jeancy alimkumbatia dada yake, akaanza kulia. Apolline akamsukuma begani. "Futa machozi, batu wanaangalia. Unaenda kazi, hauendi kaburini." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia uso kwa uso. Ameyarudia mara ngapi kichwani, Mungu ndiye anajua.

Wiki mbili za kwanza zilikuja sms fupi. Nimefika. Niko vizuri. Chakula kiko. Halafu hakuna. Namba ikawa haipatikani, ya mgeni pia. Apolline alienda ofisi moja, akaenda ya pili, kila mahali wanaandika jina, wanaomba picha, wanauliza swali lile lile: alichukuliwa kwa nguvu? Na kila mahali ilibidi ajibu kwamba hapana, nilimsindikiza mimi. Yule wa ofisi ya tatu aliweka kalamu chini kabisa. Watu wa Ndosho wakaanza midomo yao.

Baada ya miezi saba, kijana mmoja alisimama mbele ya kibanda, akiegemea fimbo, mguu mmoja umekauka. Alisema anaitwa Havugimana, kwao ni Murara, na kwamba alikuwa nyumba moja na Jeancy. Apolline aliinuka kwa haraka hadi kiti kikaanguka.

"Iko mzima?"

"Iko mzima, Yaya. Lakini kaa chini."

Akamwambia yote. Hakuna timu. Kuna nyumba yenye ukuta mrefu, mbwa, na chumba chenye meza ndefu na simu kumi na mbili. Vijana wanaketi pale tangu asubuhi, wanaingia Ngome, wanaingia michezo mingine, wanatafuta watoto. Wanacheza nao vizuri, wanawafundisha, wanawaokoa wakizingirwa, mpaka mtoto awapende. Halafu wanaanza kuuliza kwao pole pole. Kila jibu linaandikwa daftarini. Daftari likijaa, mtu mzima mwenye viatu safi analichukua, analikariri, anaenda kubisha hodi kwa wazazi. Wanaoletwa, wengine wanaketishwa mezani, wengine wanapelekwa migodini. Habari za wasichana Havugimana alikataa kuzisema.

"Na Mwamba?" Apolline akauliza. "Mwamba aliyekuwa anacheza na mdogo wangu?"

"Mwamba si mutu, Yaya. Ni jina la simu moja pale mezani. Mwenye zamu ndiye Mwamba. Wa Masisi wanawekwa kuwinda watoto wa Masisi, kwa sababu wanajua vya kuuliza." Akatazama chini. "Sasa ni Jeancy anaikalia."

Apolline hakusikia mengine kwa muda. Alikuwa jikoni kwake, mtoto yuko juu ya kigoda, anauliza shamba limepakana na nani. Mtoto aliuliza kwa sababu rafiki alimwomba amsimulie kwao, na yeye hakukumbuka, basi akaja kuchota kwa dada yake. Na dada akachota kwa furaha, akajaza, na juu ya hayo akammiminia mgeni chai. Bihogo alitoka kinywani mwake mwenyewe, akazunguka, akarudi mlangoni amevaa viatu safi. Apolline aliinama juu ya cherehani akaomboleza kwa sauti, na barabara nzima ya Ndosho ikasimama kutazama, na kwa mara moja hakuna aliyesema neno.

Nyumba iko wapi? Havugimana hakujua. Aliingizwa ndani ya gari lililozibwa vioo, akatoroka kwa kuruka ukuta, mguu ukavunjika, akaokotwa na lori la viazi. Bila shaka walishahama. Ofisini walisema leteni anwani. Basi ikabaki njia moja tu, na Havugimana ndiye aliyeifikiria.

"Uingie mchezoni weye mwenyewe, ujifanye mutoto. Mwamba akikuokota, mjibu vyote. Watamtuma mgeni kwenye anwani utakayotaja, kama walivyomtuma kwako. Akifika, tunamkamata. Huyo anajua nyumba iko wapi."

Chefu wa avenue, kiongozi wa mtaa, alikubali, na waendesha moto watatu wa pale barabarani, waliomjua Jeancy tangu mdogo, wakaapa watakuwa tayari. Havugimana aliweka masharti mawili, akayarudia kama mtu anayefundisha katekisimu. La kwanza, usiite jina lake. Nyuma ya kila kijana kuna mlinzi mwenye kisikilizio chake. Mama mmoja aliwahi kuita jina la mwanawe, na kijana yule hakuonekana tena mezani. La pili, usitaje Kagusa. Taja mlima mwingine, babu mwingine, ng'ombe mwingine. "Jeancy akikujua, kila kitu kitaharibika. Anatakiwa akuwinde kama anavyowinda wengine." Apolline akaapa. Wakatunga mlima pamoja, wakatunga babu, wakatunga ng'ombe mweupe wa jina la kupendeza, na Apolline akavikariri huku akikanyaga cherehani.

Halafu akaingia Ngome. Wee, ungemwona! Mwanamke wa miaka thelathini, miwani ya kushonea puani, anauawa kabla hajajua ukuta uko upande gani. Aliuawa na watoto wa Abidjan, aliuawa na watoto wa Kisangani, aliuawa hata na wa timu yake waliochoka naye. "Wewe ni nyanya ya nani?" mmoja alimtukana. Aliendelea. Kila mchana wateja wakipungua alivaa visikilizio, akaibana sauti ikawa nyembamba, akasema anaitwa Mimi, ana miaka kumi na mitatu, kwao ni Masisi. Wiki ya sita alianza kuwaona maadui kabla hawajamwona. Na wakati mwingine, katikati ya makelele yale, alielewa kwa nini mdogo wake alikipenda kitu hiki, na kuelewa huko kulimuumiza kuliko kufa.

Alhamisi moja, mvua inapiga mabati, alikuwa amezingirwa nyuma ya ukuta na wawili. Mchezaji mmoja akashuka mbele yake, akawaangusha wote. Juu ya kichwa chake paliandikwa Mwamba.

"Usiogope, mdogo wangu," sauti ikasema. "Kaa nyuma yangu. Mimi nakulinda."

Ilikuwa sauti ya Jeancy. Imekuwa nzito kidogo, imechoka, lakini ni yeye. Apolline alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Havugimana, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la vitambaa, alimwona uso, akaelewa, akaweka kidole mdomoni mwake kumwonya asiseme.

Walicheza nusu saa. Alimfundisha kujificha, akamsifu, akacheka Apolline alipojigonga ukutani. Kicheko hicho hakikuwa cha kuwinda, kilikuwa kicheko chake cha nyumbani. Wakacheza tena Ijumaa, wakacheza tena Jumatatu. Jumatano, kama alivyosema Havugimana, yakaanza.

"Mimi, kwenu Masisi ni mlima gani?"

Apolline alifungua mdomo. Mlima wa kutunga ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Babu wa kutunga, ng'ombe mweupe, vyote vilikuwa pale, na Havugimana anamtazama, na waendesha moto wako nje na moto zao. Kilichotakiwa ni uongo mmoja tu. Lakini mtoto aliuliza kwa sauti ile ile ya kigodani, na tangu Jeancy alipojifunza kusema, Apolline hakuwahi kumdanganya kuhusu kwao. Tena, tusimfiche, kulikuwa na kitu kingine. Alitaka ajue. Miezi tisa mtoto yule alikaa pale akidhani dada yake amemsahau, au mbaya zaidi, kwamba alimtoa kwa kujua. Apolline alitaka ajue kwamba anatafutwa.

"Kagusa," akasema.

Havugimana aliinuka, akasahau fimbo, akaanguka.

"Unapanda kwa njia gani?" Sauti imeshuka.

"Ya mto. Mawe yanateleza."

"Na... nyumba yenu, ng'ombe wa mahari..." Hakumaliza.

"Bihogo," Apolline akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kugomba na zipu. "Pembe moja ilivunjika."

Alimsikia akivuta pumzi. Alimsikia vizuri kabisa, karibu kama wakati ule alipokuwa anapumua shingoni kwake wakiteremka Masisi usiku na mchana. Machozi yalikuwa yanamshuka Apolline hadi kwenye simu. Nyuma ya pumzi ile alisikia kiti kikiburutwa, na sauti ya mwanaume mwingine ikiuliza, "Vipi huyo? Tuandike?"

Jeancy akakohoa. Alipojibu alicheka, kicheko kikavu ambacho Apolline hakukijua.

"Huyu? Achana naye. Si wa Masisi, anadanganya. Mimi namjua mutu wa Masisi akisema. Tena hana mutu kwao, hana hata dada. Hafai."

Simu ikakatika. Jina la Mwamba likazimika, na Apolline alipolitafuta katika orodha halikuwemo tena. Alilitafuta mara ya pili na ya tatu, kidole kinateleza juu ya kioo kilicholowa.

Havugimana alikuwa bado chini kati ya vitambaa. Mwendesha moto mmoja akachungulia ndani, koti limelowa, akauliza mgeni anakuja siku gani ili wajipange.

"Hawatumi mutu," Apolline akasema. "Amenificha."